Bega likigoma, angalia mgongoni kwanza

Kuna vitu huwezi kumwaga ovyo ukiwa Adu, na cha kwanza ni maji.

Kama hujawahi kufika, wacha nikuelekeze. Unatoka Malindi mjini, unavuka daraja la mto Sabaki, kisha unaiacha barabara ya kwenda Garsen na kuingia bara kupitia Marafa, pale kwenye makorongo ya Nyari ambako watalii huenda kupiga picha jua likitua. Endelea mbele. Jua linazidi, vumbi linazidi, nyumba zinaachana. Hapo ndipo Adu, wadi ya eneobunge la Magarini, Kaunti ya Kilifi. Mvua ikikosa, maji huko ni safari, na kila mtungi una hesabu yake: huu wa kunywa, huu wa kupikia, huu wa mbuzi.

Nilikuwa huko kwa hawe wangu. Hawe ndiye nyanya kwetu Wagiriama. Boda ilikuwa imeleta mitungi minne ya lita 20, naye akaniomba kitu rahisi tu: nimimine maji kwenye pipa. Kijana wa miaka 23, kifua cha jimu, fulana inabana. Nikainua mtungi wa kwanza. Ulipofika usawa wa kifua, bega la kulia likanichoma kama sindano, mkono ukaisha nguvu, mtungi ukaniponyoka. Mchanga wa Adu hauna subira. Ulikunywa maji yote kabla sijamaliza kusema pole.

Hawe hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliokota mtungi, akautikisa asikie kilichobaki, kisha akauliza, "Bega hilo ni la lini?"

"Miezi mitatu sasa, hawe."

"Na ulikuwa umemwambia nani?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Niliacha chuo karo ilipokatika, nikaingia mjengoni kama mtu wa mkono, yule anayechanganya zege na kupandisha karai. Jina la kazi lenyewe limeshasema yote. Mtu wa mkono asiye na mkono ni nani? Msimamizi akijua unaumwa, kesho asubuhi jina lako halisomwi. Kwa hivyo nilikuwa nanunua vidonge vya maumivu, nameza asubuhi na jioni, halafu jioni hiyohiyo naenda jimu kusukuma chuma ili "kuimarisha bega". Kumbe nilikuwa namwagia petroli moto.

Nakuandikia wewe kwa sababu nina uhakika siko peke yangu. Kuna wewe wa boda unayeendesha kutoka alfajiri hadi usiku huku mabega yamekaza. Kuna wewe wa saluni unayesuka mikono ikiwa juu saa sita mfululizo. Kuna wewe wa jimu, wewe wa voliboli, wewe unayening'iniza nguo kwenye kamba huku umefinya jicho moja kwa maumivu. Bega ndilo ofisi yetu. Wacha tuongee juu yake vizuri.

Mfupa huo una jina

Siku niliyopata akili nikaenda hospitali ya umma, nikaelekezwa kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Wengi wetu humuita tu daktari wa mazoezi. Mimi nilitarajia ashike bega. Yeye akasema, "Vua shati, geuka, niangalie mgongo." Nikadhani hajanisikia.

Alinisikia. Alichokuwa anatafuta ni ule mfupa bapa wa pembe tatu ulio juu ya mgongo, mmoja kila upande. Kwa Kiswahili unaitwa kombe la bega. Wengine husema kombe la mkono. Ndiyo, kombe, kama lile ambalo Harambee Stars wanatuotesha kila mara. Tofauti ni kwamba hili unalo tayari, ila hulioni, na kitu usichokiona kwenye kioo ni rahisi kukisahau.

Sasa sikiliza ajabu ya huu mfupa. Kombe limekaa juu ya mbavu, takriban kutoka ubavu wa pili hadi wa saba, lakini halijafungwa kwenye mbavu hizo. Linateleza juu yake. Mahali pekee ambapo bega zima linaungana na mifupa mingine ya kiwiliwili ni kwenye mtulinga, ule mfupa wa mbele chini ya shingo, na mtulinga wenyewe hushika kifua kwa kiungo kimoja kidogo. Kingine chote kinachoshikilia mkono wako mwilini ni nyama. Misuli 17 imejishikiza kwenye kombe moja. Ikiwa misuli hiyo imelala, mkono wako ni kama mlingoti wa jahazi uliosimamishwa kwenye sakafu inayotikisika.

Mkono hauinuki peke yake

Fanya jaribio. Mwambie mtu asimame nyuma yako aweke kiganja chake juu ya kombe lako. Halafu inua mkono kupitia pembeni, polepole, hadi juu kabisa karibu na sikio. Atasikia mfupa unazunguka chini ya kiganja chake, ncha ya chini ikienda nje kuelekea kwapani.

Mwaka wa 1944, daktari mmoja wa mifupa kule California, Verne Inman, na wenzake wawili walipima jambo hili na kuandika hesabu ambayo wanafunzi wa tiba bado wanafundishwa. Mkono ukipanda hadi juu ni nyuzi 180. Takriban nyuzi 120 zinatoka kwenye kiungo chenyewe cha bega. Nyuzi 60 zilizobaki zinatoka kwa kombe kuzunguka juu ya mbavu. Mbili kwa moja. Tafiti za baadaye zimeonyesha uwiano huo hubadilika kidogo kutoka mtu hadi mtu na kutoka hatua moja ya kuinua hadi nyingine, lakini wazo lenyewe limesimama: theluthi moja ya kuinua mkono inafanyika mgongoni.

Kwa nini kombe lizunguke? Kwa sababu kiungo cha bega ni tufe kubwa lililokaa kwenye kisahani kidogo, kama mpira wa gofu juu ya kijiti chake. Ndiyo maana mkono unaweza kwenda kila upande, na ndiyo maana bega huteguka upesi. Mkono ukipanda, kisahani nacho kinatakiwa kugeuka juu ili tufe lipate pa kukalia. Kombe likichelewa, tufe linahangaika peke yake, na zile kano ndogo zinazolizunguka zinabeba mzigo ambao haukuwa wao. Zikibebeshwa hivyo kila siku, zinaanza kulalamika. Maumivu utayasikia mbele au pembeni ya bega, kumbe mvivu yuko nyuma.

Misuli mitatu ya kujua

Usiogope, sitakutajia yote 17. Mitatu inatosha kwa leo.

Wa kwanza unaitwa serato. Jina hilo limetokana na Kilatini, lina maana ya kitu chenye meno kama msumeno, kwa sababu msuli huu umejishika kwenye mbavu za pembeni kwa vidole vidole, kisha unapita chini ya kombe na kulishika ukingo wa ndani. Umewahi kumuona bondia akitupa ngumi, mbavuni chini ya kwapa panatokeza mistari? Ndiyo serato hiyo. Kazi yake ni kulivuta kombe mbele, kulizungusha, na kulibana kwenye mbavu. Ikidhoofika sana, au neva yake ikiumia, kombe linatokeza nyuma kama bawa la kuku mtu anaposukuma ukuta.

Wa pili ni trapezi, ule mkubwa unaoanza kisogoni hadi katikati ya mgongo. Una sehemu tatu. Ya juu unaijua, ndiyo ile inayokaza shingoni ukiwa na mawazo ya kodi ya nyumba. Ya kati huvuta kombe kuelekea uti wa mgongo. Ya chini hulivuta chini na kusaidia kulizungusha. Kwa wengi wetu ile ya juu inafanya kazi kupita kiasi, ile ya chini iko likizo.

Wa tatu ni romboidi, iliyo kati ya uti wa mgongo na kombe. Hii hulivuta kombe nyuma na kulituliza unapovuta kitu, iwe ni kamba ya ndoo kisimani, iwe ni nyavu.

Daktari mmoja Mmarekani, Ben Kibler, mwaka wa 1998 aliandika makala maarufu kuhusu kombe la bega kwa wanamichezo. Alieleza kuwa nguvu ya kurusha haizaliwi begani. Inaanzia miguuni, inapanda kiunoni na kiwiliwilini, na kombe ndilo daraja la kuipeleka mkononi. Hebu mfikirie Julius Yego wetu. Alijifunza mbinu za kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, na mwaka wa 2015 kule Beijing akautupa mkuki wa gramu 800 hadi mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia. Unadhani ule mkuki ulitupwa na mkono peke yake? Daraja likilegea, nguvu zote za miguuni zinaishia njiani, na mkono unalazimika kulipa deni.

Basi kosa letu ni gani?

Kosa langu mimi lilikuwa jimu ya kioo. Unajua ninachosema. Jumatatu kifua, Jumatano kifua na mikono, Ijumaa kifua tena kwa sababu Jumamosi kuna sherehe. Mgongo nilikuwa naugusa siku vyuma vya kifua vimeshikwa na wengine. Nikikusanya na karai la mjengoni, mwili wangu ulikuwa unasukuma na kuinua siku nzima, hauvuti kitu.

Kosa la pili ni kuongeza mzigo ghafla. Mwezi huu hubebi kitu, mwezi ujao unapandisha zege ghorofa ya tatu. Misuli na kano huzoea kazi, ila huzoea polepole. Ukiziharakisha zinagoma.

Na simu? Hapa nisikudanganye. Mtandaoni utaambiwa kuinamia simu ndiyo mzizi wa maovu yote. Ukweli ni kwamba hakuna mkao mmoja mtakatifu. Mwili unachochukia ni kukaa namna moja kwa saa nyingi, hata kama namna hiyo ni nzuri. Boda ukisubiri abiria, shuka, zungusha mabega, inua mikono. Msusi ukimaliza mistari michache, shusha mikono upumue.

Jambo lingine la kukutuliza: ukipigwa picha ya mgongo ukaona kombe moja liko chini kuliko lingine, usianze kulia. Watu wengi wasio na maumivu yoyote wako hivyo, hasa wanaotumia mkono mmoja sana. Tofauti ya umbo peke yake haijawa ugonjwa. La kuangalia ni kama mkono unafanya kazi na kama unauma.

Kabla hujafikiria kisu

Nilipokuwa na maumivu, kuna rafiki aliniambia bega likifika hapo ni la kupasuliwa tu. Nikaanza kupiga hesabu ya pesa ambazo sina. Wewe usikimbilie huko.

Mwaka wa 2018 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Uingereza kwa zaidi ya wagonjwa 300 waliokuwa na maumivu ya bega ya muda mrefu, ya aina ile inayouma ukiinua mkono. Wengine walipasuliwa na kukwanguliwa mfupa ili kuongeza nafasi ya kano. Wengine waliingizwa kamera begani ikatolewa bila kukwanguliwa kitu. Wengine hawakutibiwa kabisa katika muda huo. Matokeo? Waliokwanguliwa na walioingizwa kamera tu hawakutofautiana. Wote wawili walikuwa afadhali kidogo kuliko wale ambao hawakutibiwa, lakini tofauti yenyewe ilikuwa ndogo hata haikuwa na uzito kwa mgonjwa.

Hilo halina maana kwamba upasuaji haufai kamwe. Kano iliyokatika baada ya ajali, bega linaloteguka kila mara, mfupa uliovunjika, hayo ni mambo ya daktari wa mifupa. Ila kwa maumivu ya kawaida ya bega yasiyotokana na ajali, mazoezi ndiyo hatua ya kwanza, na bei yake ni jasho.

Mazoezi manne, bila jimu

Haya ndiyo niliyopewa. Unahitaji ukuta, mkeka, na blada. Blada unazijua, zile kamba za mpira zinazokatwa kwenye tyubu kuukuu, ambazo watu wa boda hufungia mizigo. Chagua ndefu, isiyo na nyufa, ukiikaza isikatike ikakupiga jicho.

La kwanza: sukuma ukuta, kisha ongeza. Simama mbele ya ukuta, viganja usawa wa kifua, viwiko vimenyooka. Bila kukunja viwiko, acha kifua kisogee kwenye ukuta hadi makombe yakaribiane. Halafu sukuma ukuta kama unataka kuuhamisha, mpaka mgongo wa juu uwe duara kidogo. Ile sukumo ya mwisho ndiyo inayoamsha serato. Fanya mara 10 hadi 15, pumzika, rudia mpaka mizunguko mitatu. Ikiwa rahisi, hamia kwenye ukingo wa meza imara, halafu magotini kwenye mkeka, mwisho sakafuni kama pushapu ya kawaida.

La pili: vuta blada. Ifunge kwenye nguzo au shina la mwarobaini usawa wa kitovu. Shika ncha mbili, rudi nyuma hadi ikaze. Vuta viwiko nyuma vikipita mbavuni, huku ukiyapeleka makombe nyuma na chini, kana kwamba unataka kuyaingiza kwenye mifuko ya nyuma ya suruali. Hesabu tatu, rudisha polepole. Usiruhusu mabega yapande masikioni. Mara 10, mizunguko mitatu. Ukisikia shingo ndiyo inayochoka, umekosea, punguza ukazo.

La tatu: herufi Y. Lala kifudifudi kwenye mkeka, paji la uso juu ya taulo iliyokunjwa. Nyoosha mikono mbele ikiachana kama herufi Y, vidole gumba vikielekea juu. Inua mikono sentimita chache tu kutoka chini, ukianzia kwenye kombe. Hesabu mbili, shusha. Hili ni la trapezi ya chini, na nakuonya, litakuaibisha. Mimi niliyekuwa nasukuma kilo 80 kifuani nilishindwa kumaliza 8 bila uzito wowote mkononi. Anza na 6 au 8. Baada ya wiki kadhaa unaweza kushika chupa ndogo ya maji ya nusu lita, ambayo ni nusu kilo tu.

La nne: telezesha mikono ukutani. Simama ukitazama ukuta, weka mikono yako kuanzia kiwiko hadi kiganja ukutani. Sukuma ukuta kidogo, halafu telezesha mikono ipande juu huku bado unasukuma. Panda hadi pale unapoweza bila maumivu makali, shuka. Mara 10. Hapa unalifundisha kombe kuzunguka wakati mkono unapanda, ndicho kitu ambacho bega langu lilikuwa limesahau.

Fanya siku tatu kwa wiki, uache siku moja katikati. Dakika 15 zinatosha. Kuhusu maumivu, nilipewa kipimo rahisi: kati ya sifuri na 10, ukibaki kwenye 3 au chini, na kesho asubuhi bega haliko vibaya kuliko jana, endelea. Yakipanda zaidi, punguza mara au ukazo, usiache kabisa. Bega lisilotumika hudhoofika zaidi.

Na vumilia. Wiki mbili za kwanza hutaona kitu, utadhani unachezewa. Mabadiliko ya kweli huja kati ya wiki ya 6 na ya 12. Najua sisi ni kizazi cha bando la saa moja, lakini misuli haijui mambo hayo.

Ukienda jimu, kanuni moja: kila ukisukuma, vuta. Siku ya kifua ikiwa moja, ya mgongo iwe moja, ikiwezekana na nusu.

Ukiona haya, usisome tena, nenda hospitali

Mazoezi si ya kila bega. Nenda ukaonwe ikiwa umeanguka, tuseme kwenye pikipiki, na mkono hauinuki au bega limebadilika umbo. Nenda ikiwa mkono unakufa ganzi au unapoteza nguvu vidoleni. Nenda ikiwa bega limevimba, lina joto na una homa. Nenda ikiwa maumivu yanakuamsha kila usiku hata usipolilalia, au unapungua uzito bila sababu.

Na hili liambie familia: maumivu ya bega la kushoto au mkono wa kushoto, pamoja na kifua kubana, jasho la baridi au kukosa pumzi, hayana uhusiano na kombe. Huo unaweza kuwa moyo. Mtu huyo apelekwe mara moja, hata kama ni saa nane usiku.

Mama au mjomba wako wa miaka 40 hadi 60 akilalamika kwamba bega limekaza pole pole, hata kufunga leso nyuma au kuvaa shati hawezi, hilo laweza kuwa bega lililoganda. Linawapata zaidi wenye ugonjwa wa sukari. Akapimwe sukari, akaonwe, asilazimishwe kuvutwa mkono na mtu wa mtaani.

Vidonge navyo vina lao. Vile vya kupunguza maumivu na uvimbe ambavyo nilikuwa nameza kama karanga vinaweza kuchoma tumbo hadi kidonda na kuumiza figo, hasa ukivitumia muda mrefu. Vinaweza kukusaidia siku chache, kwa ushauri wa mhudumu wa afya. Kombe haviliamshi.

Nyuma kwa hawe

Labda unataka nikuambie kwamba hawe ana mabega mazuri kwa sababu amebeba maji maisha yake yote, hivyo turudi kubeba mitungi. Nilitaka kuandika hivyo. Ingependeza. Lakini nilipomuuliza, aliniambia shingo humuuma kila usiku, na mgongo wa chini hajui mara ya mwisho ulikaa kimya. Watafiti waliofuatilia wanawake wabebaji maji kule Limpopo, Afrika Kusini, walikuta malalamiko hayohayo ya shingo na mgongo. Kazi ngumu bila mapumziko si mazoezi. Mazoezi unachagua uzito, unachagua mara ngapi, unachagua siku ya kupumzika. Hawe hajawahi kuchagua. Dawa ya shingo yake ni bomba karibu na nyumba, na hilo ni jambo la kuwauliza wale wanaokuja kuomba kura Magarini.

Hadi huo uchaguzi ufike, kuna mimi. Miezi minne baada ya ile aibu ya mtungi, nilirudi Adu. Nilikuwa nimemaliza wiki 12 za ukuta, blada na mkeka. Mjengoni nilikuwa nimejitoa roho nikamwambia msimamizi ukweli, akanipa kazi ya kupanga mawe kwa muda, kwa malipo ya chini. Niliumia mfukoni, lakini sikupoteza kazi. Ukiweza kusema mapema, sema mapema.

Boda ilileta mitungi minne. Hawe alisimama karibu na pipa, mikono kiunoni, akitazama bega langu kama mtu anayetazama mawingu ya Machi. Niliinua wa kwanza kwa miguu kwanza, nikauleta karibu na mwili, nikahisi makombe yanakaa mahali pake, nikamimina. Wa pili nao. Wa tatu bega likanikumbusha kidogo kwamba lipo. Wa nne ukaisha bila tone kugusa mchanga.

Hawe akachungulia ndani ya pipa, akaweka kifuniko.

"Basi kesho utakwenda mwenyewe bombani," akasema. "Boda ni pesa."

Kesho yake nilikwenda. Wewe nawe, kabla hujafungua ukurasa mwingine, tafuta ukuta.